Kabla ya kununua hita Mbulu, pima paa lako kwanza

MWENYE nyumba wa Tlawi anayeingia duka la vifaa vya umeme mjini Mbulu mwezi Juni kutafuta hita, mara nyingi huamua kwa hofu. Anayeogopa baridi huchukua kubwa kuliko zote, na anayeogopa LUKU huchukua ndogo. Wote wawili hurudi nyumbani bila kujua kama walichonunua kinalingana na chumba kitakachokipokea, na kwa kawaida hakilingani.

Baridi ya huku si ya kubahatisha. Tlawi, pamoja na ziwa lenye jina hilo, ipo katika uwanda wa juu wa Mbulu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Jotoridi hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Sentigredi kila unapopanda mita 1,000. Hivyo usiku wa Julai ambao Tanga una nyuzi 20, Mbulu hutegemewa kuwa na nyuzi 10, na kuelekea alfajiri hushuka zaidi. Maji hayagandi mtungini, na pengine ndiyo maana suala la kupasha nyumba joto halipewi uzito. Ramani za nyumba zinazojengwa leo Tlawi ni zilezile zinazojengwa Dar es Salaam: tofali, bati, madirisha mapana, na dari likisubiri fedha zipatikane.

Wazee hawakujenga hivyo. Wairaqw wa zamani walichimba nyumba zao kwenye ubavu wa kilima, ukuta wa nyuma ukiwa ni mlima wenyewe, na juu wakaweka paa bapa la miti lililofunikwa udongo. Sababu inayotajwa zaidi ni ulinzi, kwani nyumba ya namna hiyo haikuonekana kwa urahisi na wavamizi waliotafuta ng'ombe. Lakini ilikuwa pia nyumba yenye joto. Ng'ombe walilala ndani pamoja na watu, na ng'ombe mmoja wa kienyeji hutoa mwilini joto la kati ya wati 300 na 500 usiku na mchana. Ng'ombe watano ni sawa na hita ya kilowati mbili isiyohitaji waya, na paa la udongo liliuzuia moto huo usitoroke. Hakuna anayependekeza ng'ombe warudishwe sebuleni, kwani moshi, viroboto na magonjwa ya mifugo yalikuwa sehemu ya nyumba ile. Jambo la kuangalia ni kwamba chanzo cha joto na paa vilikuwa vikilingana. Bati lilipokuja, ng'ombe wakatoka, udongo ukatoka, na hakuna kilichowekwa mahali pake.

Hesabu ya chumba kimoja

Ukubwa wa hita haupimwi kwa ukubwa wa mtu anayehisi baridi wala kwa idadi ya vyumba. Hupimwa kwa joto linalopotea. Kanuni ni rahisi: chukua eneo la kila upande unaogusana na nje kwa mita za mraba, zidisha kwa kiwango cha upotevu wa kitu kilichojenga upande huo, kisha zidisha kwa tofauti ya nyuzi kati ya ndani na nje. Jibu ni wati.

Tuchukue chumba cha pembeni chenye mita 4 kwa 4 na kimo cha mita 2.7, ambacho ni cha kawaida katika nyumba nyingi. Nje kuna nyuzi 10, na ndani inatakiwa nyuzi 18, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikitaja mwaka 2018 kuwa ni cha chini kinachofaa kwa afya katika maeneo ya baridi. Tofauti ni nyuzi 8.

Kuta mbili za nje za tofali la kuchoma lililolazwa kwa unene wa sentimita 23, ukiondoa dirisha, zina mita za mraba karibu 20, na kila mita hupoteza wati 2.2 kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Hizo ni wati 350. Dirisha la kioo kimoja, lenye mita 1.5 kwa 1.2, hupoteza wati 80. Bati tupu, mita za mraba 16, hupoteza wati 7 kwa kila mita na kila nyuzi: wati 900 hivi. Mwisho ni upepo unaopenya kati ya ukuta na bati, kwenye kenchi na chini ya mlango. Ikiwa hewa yote ya chumba inabadilika mara tatu kwa saa, jambo ambalo ni la kawaida kwenye nyumba isiyo na dari, zinaondoka wati nyingine 340.

Jumla ni kama wati 1,670. Zaidi ya nusu ya hizo zinapita kwenye bati. Ukuta, ambao ndio watu huulaumu na kuupiga plasta mara mbili, unachukua moja ya tano tu.

Sasa mwenye nyumba afunge dari la bodi za jasi na azibe mianya ya upepo. Upotevu wa juu unashuka kutoka wati 900 hadi 380 hivi, na wa upepo kutoka 340 hadi 110. Jumla inakuwa wati 930. Akipanda tena juu ya dari na kutandaza kitu kinachozuia joto kwa unene wa sentimita 10, upotevu wa juu unabaki wati 60 au 70, na chumba kizima kinahitaji wati 600 tu. Watu wawili waliolala humo hutoa wenyewe wati 150.

Ni chumba kilekile na baridi ileile. Nyumba ya kwanza inahitaji hita ya wati 2,000 na bado itafanya kazi kwa taabu usiku wa upepo. Ya pili inatosheka na hita ya wati 750 au 1,000, ukiacha ziada kidogo kwa ajili ya kupasha kuta zilizopoa mchana kutwa. Kwa hiyo mtu anayeuliza anunue hita ya ukubwa gani kabla ya kuangalia juu ya kichwa chake, ameanza swali katikati.

LUKU inasemaje

Kwa bei za umeme zilizoanza kutumika Aprili 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 hulipa Sh100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo ni Sh350, kabla ya Kodi ya Ongezeko la Thamani na tozo nyingine ambazo kwa pamoja ni asilimia 22. Familia inayotumia uniti 60 kwa taa, redio, televisheni na kuchaji simu hulipa Sh7,320.

Familia hiyo ikiwasha hita kwa saa nne kila jioni katika chumba kisicho na dari, itaongeza uniti 200 hivi kwa mwezi. Jumla ni zaidi ya uniti 260, na malipo yanakaribia Sh90,000. Ikiendelea hivyo inaondolewa kwenye kundi la D1 na kuingizwa T1, ambako uniti zote, pamoja na zile za taa, ni Sh292 kabla ya kodi. Wengi hushtuka hapo na kudhani mita imeharibika.

Katika chumba chenye dari na kizuizi, saa hizohizo nne zinaongeza uniti 72. Malipo ya mwezi ni kama Sh33,500. Si kidogo kwa mkulima wa vitunguu saumu au mwalimu wa shule ya msingi, lakini ni tofauti ya Sh56,000 kila mwezi, na msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti una miezi mitatu. Dari la chumba cha mita za mraba 16 linakula bodi sita za mita 2.4 kwa 1.2, mbao za kufungia, misumari na siku ya fundi. Mwenye nyumba aombe bei ya kazi hiyo, aiweke kando ya hiyo Sh56,000, halafu ahesabu misimu.

Cha kutandaza juu ya dari hakilazimiki kutoka kiwandani. Sufi ya madini inauzwa Arusha na ni nzuri, ila bei yake si ya kila mtu. Magugu, chini ya bonde, kuna mashine za kukoboa mpunga zenye marundo ya pumba, na pumba kavu huzuia joto vizuri. Haziozi haraka na haziwaki kirahisi kama nyasi. Zina mambo mawili ya kuangalia. Kwanza ni uzito: sentimita 10 za pumba ni kilo 10 hadi 15 kwa kila mita ya mraba, zaidi ya uzito wa bodi yenyewe, kwa hiyo mbao za kubebea dari zipangwe karibukaribu. Fundi asipoambiwa mapema, dari litapinda au litaanguka. Pili ni umeme: nyaya na vishikio vya taa visizikwe ndani ya pumba, na zikae mbali na dohani. Kuziweka kwenye viroba husaidia pia kuzuia panya wasizitawanye. Mabua ya ngano ya Hanang yanafaa pia kwa kuzuia joto, lakini hayo yanawaka, na juu ya dari lenye nyaya si mahali pake.

Jiko la mkaa chumbani

Hapa ndipo suala la ukubwa linapogeuka kuwa la uhai. Familia nyingi za nyanda za baridi hazinunui hita kabisa. Hupika nje au jikoni, na mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi umekwisha, jiko huingizwa chumbani, mlango unafungwa, watu wanalala.

Kilo moja ya mkaa ina nishati ya takriban megajuli 30, sawa na uniti 8 za umeme. Jiko linalochoma nusu kilo kwa saa ni mtambo wa kilowati 4. Kwa chumba cha mfano wetu hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kinachotakiwa hata kama hakina dari, na ni karibu mara saba kama kimezibwa vizuri. Ndiyo maana chumba hupata joto haraka na watu hufurahi. Lakini mkaa unaokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu hubaki haina nafasi ya kubeba oksijeni. Anayelala humo huumwa kichwa, husikia kichefuchefu na uzito wa mwili, kisha usingizi humzidi. Kukosekana kwa moshi si dalili ya usalama. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaoua, kwa sababu moshi ungewaamsha watu.

Kuna mtego ambao mafundi wanaofunga dari wanapaswa kuwaambia wateja wao waziwazi. Nyumba ya bati lenye mianya, pamoja na kupoteza joto, ilikuwa ikiwaokoa watu hao bila wao kujua. Hewa ilibadilika mara tatu kwa saa. Akija fundi akaziba kila tundu, kisha familia ikaendelea na jiko lilelile, hatari inaongezeka mara kadhaa. Chumba kilichozibwa hakiingizwi moto wa wazi wa aina yoyote, uwe mkaa, kuni, mafuta ya taa au gesi. Mtu akikutwa amezidiwa, atolewe nje kwenye hewa kwanza, milango ifunguliwe, kisha apelekwe hospitali hata kama amezinduka.

Jambo hili linahusiana na mabadiliko mengine. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kwa mtu wa Pwani, kuacha kuni na kununua mtungi wa gesi ni kubadilisha jiko tu. Kwa mtu wa Tlawi ni zaidi ya hapo, maana mafiga ya jikoni yalikuwa yakipika na kupasha watu joto kwa pamoja. Gesi hupika kwa dakika 20 na kuzimwa. Saa mbili usiku jiko limepoa, watoto wanatetemeka, na mkaa unatafutwa upya, safari hii si kwa ajili ya ugali. Wanaohamasisha nishati safi katika nyanda za juu wana sababu ya kuzungumza na mafundi wa dari pia.

Dohani na vifaranga

Wenye uwezo hujenga sehemu ya moto sebuleni, wakiiga nyumba za misheni na hoteli za ukingo wa Ngorongoro. Nyingi hutoa moshi ndani. Kosa huwa ni moja: mdomo wa moto umejengwa mkubwa ili upendeze, na dohani nyembamba ili tofali zisiishe. Nafasi ya ndani ya dohani inatakiwa iwe angalau moja ya kumi ya eneo la mdomo. Mdomo wa sentimita 80 kwa 60 unahitaji dohani yenye uwazi wa sentimita 22 kwa 22, na kichwa chake kipande juu ya mgongo wa paa. Hata ikijengwa vizuri, sehemu ya moto iliyo wazi hupeleka juu angani sehemu kubwa ya joto la kuni, na hubakiza kama asilimia 10 au 15 ndani. Jiko la chuma lenye mlango na bomba la moshi hubakiza zaidi ya nusu. Kwa wilaya ambayo Msitu wa Nou unahifadhiwa na kuni zinatoka kwenye miti ya kupandwa, tofauti hiyo ni ekari za mikaratusi.

Inashangaza kwamba wafugaji wa kuku wa hukuhuku wanajua hesabu hizi kuliko wajenzi. Mfugaji anayeanza na vifaranga wa siku moja anajua kwamba wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguza nyuzi 3 kila wiki. Huwazungushia duara la kadibodi ili asipashe banda zima, na hupachika balbu moja ya wati 250 kwa vifaranga 50 hadi 100. Wakijikusanya katikati, joto halitoshi. Wakikimbilia ukingoni, limezidi. Hakuna mfugaji mwenye akili anayenunua balbu kumi kwa sababu banda lina matundu. Huziba matundu kwanza. Kupasha sehemu waliyopo watu badala ya nyumba yote ni akili hiyohiyo: chumba kimoja cha kulala, pazia zito, na chupa ya maji ya moto miguuni mwa mzee.

Kwa wenye nyumba za wageni na ofisi, kipo kifaa kingine ambacho wengi hukijua kwa kazi ya kinyume. Kiyoyozi chenye uwezo wa kupoza na kupasha huchota joto lililopo nje na kulisukuma ndani, na kwa hali ya hewa ya Mbulu uniti moja ya umeme inaweza kuleta joto la uniti tatu. Chumba kisicho na dari kilichohitaji uniti 200 kwa hita ya waya kitahitaji karibu 70 kwa kifaa hiki. Ukubwa wake huandikwa kwa BTU: 9,000 ni kilowati 2.6, na 12,000 ni kilowati 3.5, ambazo mafundi huziita tani moja, jina lililobaki tangu enzi za kupoza kwa barafu. Kwa chumba cha mfano wetu 9,000 zinatosha hata kama bati liko wazi. Aliye nyanda za juu akumbuke kwamba hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano, hivyo kifaa hakitatoa kila kilichoandikwa kwenye boksi.

Kuteremka bonde hadi Magugu, ambako tatizo ni joto, kanuni haibadiliki ila huelekea upande mwingine. Bati linalotoa joto usiku Tlawi ndilo linaloliingiza mchana Magugu, na pumba zilezile juu ya dari hupunguza ukubwa wa kiyoyozi. Kununua kikubwa mno kwa kujihami hakusaidii. Hupoza chumba haraka na kuzimika, kisha huwaka tena, na kuwaka na kuzimika huko huchosha mashine. Pwani ni vibaya zaidi, kwa kuwa kifaa hakipati muda wa kukausha unyevu, na watu hulala katika chumba cha baridi chenye shuka zinazonata.

Linabaki suala la nyaya. Hita ya wati 2,000 huvuta karibu ampia 9, na ya wati 3,000 huvuta ampia 13, ambacho ni kikomo cha soketi ya kawaida. Nyumba nyingi zilizounganishwa umeme kwa mradi wa vijijini zilifungwa nyaya kwa kufikiria taa na redio. Hita ichomekwe ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni inayobeba pia televisheni na pasi, na fundi umeme aangalie kama waya wa soketi una milimita za mraba 2.5 na kama nyumba ina waya wa ardhini. Plagi ikiwa ya moto mkononi baada ya nusu saa, izimwe na fundi aitwe kabla ya usiku.